Mashine ya Kiingereza na Umeme Wetu

Namshukuru Mola kwa macho yaliyonifikisha hapa, ingawa siku hizi tundu la sindano hulipata kwa jaribio la pili. Vijana mnaokalia meza ile ya karakana ya Mkunazini mlinijia nyumbani na halua, mkaniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Neno "kabla" halikunifurahisha, lakini halua ilikuwa nzuri, basi naandika.

Habari za vyeo ni fupi. Karakana ilikuwa na viti viwili, kimoja kibovu na kimoja kizima. Nilianza kwenye kibovu, na Mzee Suleiman alipofariki, Mungu amrehemu, nikahamia kwenye kizima. Hapakuwa na cheo kingine. Malipo nayaacha; yalikuja, yakaliwa, tukashukuru.

Siku ya kwanza nilipelekwa na baba. Nilikuwa nimehitimu chuoni, nasoma Qur'ani kwa tajwidi, na baba alidhani hilo ndilo atakaloulizwa. Nikamwamkia Mzee Suleiman, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba," kisha akaniangalia ubavuni, si usoni.

"Kanzu yako ina mfuko?"

"Naam, upo."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Basi tia mkono wa kushoto humo, na usiutoe mpaka nikwambie."

Alinambia adhuhuri, kwa sababu ya sala. Baba alirudi nyumbani akamwambia mama kwamba nimepata mwalimu, ila huenda hana akili timamu. Sababu niliijua siku chache baadaye. Redio za zamani zilikuwa za valvu, zile taa za kioo, na valvu hutaka umeme mkali unaohifadhiwa ndani ya kapasita. Ukichomoa waya ukutani, umeme ule haujaondoka. "Yumo ndani amekaa," Mzee Suleiman alikuwa akisema, "anakungoja kwa subira kuliko mkweo." Ukigusa kwa mikono miwili, hupita mkono huu ukatokea ule, na njiani pana moyo. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, hana njia. Kazi ya kwanza, basi, ni bismillahi, ya pili ni mkono mfukoni, ya tatu ni kumaliza umeme uliobaki kwa bisibisi yenye mpini mzuri. Nimewaona wawili kati yenu mnavaa suruali zisizo na mifuko. Sisemi kitu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya redio na vipaza sauti vya misikiti. Kazi ya msikiti ina sharti moja: sauti iwe safi. Adhana si mahali pa madoido ya mashine. Kila herufi itoke mahali pake, ha isigeuke kha, ain isipotee. Mzee Suleiman alinifundisha kuwinda kila mkwaruzo kama anayechambua mchele. Kesi iliyonikaa moyoni ni ya msikiti mmoja kule Makunduchi. Muadhini wao alikuwa mtu mzima, na kwa miezi mingi sauti yake ilisikika mtaani kama ya mtu aliyefunikwa mto. Akaamini kwamba uzee umeshamfika kooni. Akawa anakunywa tangawizi na asali, na alikwisha kuanza kumfundisha mwingine. Nilipanda kwenye honi ya kipaza sauti nikakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo ndani yake, ya vyumba kadhaa. Nikaitoa, nikashuka, akaadhini Alasiri. Alipomaliza akanambia, "Kumbe bado." Sikuwahi kupewa shukrani fupi kuliko hiyo, wala nzuri kuliko hiyo.

Nasema haya mjue kwamba nilipokutana na mashine ya kwanza ya kukuzia sauti ya gita, ile ya Kiingereza, nilikuwa mtu aliyefundishwa kuchukia kila kitu ambacho mashine ile ilitengenezwa kukifanya.

Iliwahi kuletwa na mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, ikaishia kwenye kikundi kimoja cha taarabu cha hapa mjini. Kasha zito la mbao zilizogandamizwa, limevikwa ngozi ya bandia, spika mbili mbele, valvu nyuma zimejipanga kama wazee kwenye baraza. Tuliifungua kwa sababu ilikuwa ikivuma. Mzee Suleiman alitazama waya zake kwa muda mrefu, akasema, "Hii imetengenezwa na mtu mvivu sana au mwerevu sana. Tukae tujue." Tulikaa wiki, na nilichojifunza wiki ile ndicho mlichoniomba mara nyingi niwaeleze, nami nikawajibu nina shughuli.

Watu husema, "sauti ya Kiingereza," kana kwamba kuna kitu kimoja ndani kinachoitwa hivyo, ukikitoa unaweza kukitia mfukoni. Hakipo. Kuna mambo kadhaa, na kila moja kwa peke yake ni kasoro.

La kwanza ni valvu za mwisho, zile zinazosukuma spika. Mashine nyingi za Kimarekani zilitumia valvu kubwa zenye nafasi: unaongeza sauti nayo inaongezeka, safi, chini nzito na juu kali, katikati pamebaki uwanja. Hii ya Kiingereza ilitumia valvu ndogo, EL84, nazo zimefungwa ziwake karibu na mwisho wa nguvu zao wakati wote, hata mpigaji akiwa ameweka gita chini anakunywa chai. Kitu kilichokwisha kuchoka hakihitaji msukumo mkubwa kuanza kulalamika. Gita likipigwa kidogo tu, kilele cha sauti hubanwa na kuviringika, na masikio ya watu huita kule kubanwa "utamu."

La pili: mashine nyingi huchukua sehemu ya sauti iliyotoka, zikairudisha nyuma ili zijisahihishe. Ni tabia njema, na tungependa hata binadamu wawe nayo. Hii hairudishi kitu. Haijikosoi. Inachokosea imekosea, na inaendelea. Ndiyo maana hairuki ghafla kutoka usafi kwenda ukali, huteleza polepole kama mtu anayeanza kukasirika bila kujijua.

La tatu ni valvu inayogeuza umeme wa ukutani uwe umeme wa kutumiwa ndani. Ukiupiga uzi kwa nguvu, mashine hudai umeme mwingi kwa mara moja, na valvu hiyo haiwezi kuutoa wote. Umeme huinama, sauti nayo huinama, halafu huinuka tena wakati uzi bado unalia. Mpigaji huhisi kama uzi unapumua chini ya kidole.

Tena kuna transfoma ya kutolea sauti, ambayo chuma chake si kingi, nacho hushiba mapema. Kuna spika za karatasi nyepesi, nazo zikisukumwa karatasi yenyewe hutetemeka. Na kuna jambo la katikati. Sauti ya mashine hii haikai chini wala juu, imekaa katikati, na inasemea puani kidogo. Mola anisamehe kwa mfano, lakini mimi ni mtoto wa chuoni, na nilipoisikia mara ya kwanza nilikumbuka ghunna, ile sauti ya pua ambayo mwalimu alitupiga kwa kuiacha. Kuna mahali katika usomaji ambapo sauti ya pua si kosa, bali kuiacha ndiko kosa. Sikumwambia mtu wakati ule.

Kwa hiyo mkiniuliza siri ya sauti ya Kiingereza, ni hii: ni mashine iliyoelemewa, isiyojikosoa, yenye kupungukiwa umeme kila inapouhitaji. Naomba mnisamehe Waingereza mnaosoma.

Msikitini waliwahi kuniuliza inakuwaje mtu wa safu ya mbele anatengeneza mashine za gita. Nilisema natengeneza kasha, si kinachotoka ndani yake. Lilikuwa jibu dhaifu nami nilijua, na aliyeniuliza alijua, lakini kipaza sauti cha msikiti kilikuwa mezani kwangu siku ile na yeye ndiye aliyekuja kukichukua. Hukumu nimemwachia Mwenyewe.

Sasa nije kwa Makame, maana hiyo ndiyo kesi iliyonifundisha kwamba nilikuwa sijamaliza hesabu ya mambo yale.

Makame alikuwa mpiga gita wa kikundi kile, mtu wa Bwejuu aliyehamia mjini akiwa kijana na kuoa hapa. Gita lake lilipita katika mashine ile ya Kiingereza miaka yote. Katika taarabu gita si mwenye nyumba. Linapita pembeni ya fidla na akodiani, linamjibu mwimbaji kwa maneno machache, linanyamaza. Lakini lilipojibu, watu waliacha kutafuna. Tangu mkewe alipofariki, Makame alitoka nyumbani kwa mambo mawili tu: sala na mazoezi ya kikundi.

Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi alikuja karakana asubuhi moja, gita begani, mashine imebebwa na mchukuzi, juu yake imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kama televisheni ya bibi harusi.

"Fundi Ameir, kasha limekufa."

"Haliwaki?"

"Lawaka. Lasema. Lakini si lenyewe. Lasema kama mtu wa ofisini."

Akaniambia mambo yalivyo. Kwa miezi sauti ilikuwa imegeuka ngumu, kavu, haina pumzi. Kiongozi wa kikundi, Bi Mwatima, aliyekuwa pia mwimbaji wao mkuu, alikuwa amemvumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Kulikuwa na harusi kubwa inakuja, na kikundi kilikuwa na kinanda kipya cha umeme chenye sauti za kila namna ndani yake, na ya gita imo. Bi Mwatima alikuwa ametoa kauli: mazoezi ya Alhamisi kabla ya harusi ndiyo ya mwisho. Gita likiwa bado kavu, kinanda kitachukua nafasi, na kiti cha Makame kitaondolewa.

"Si ungeongeza sauti?" nikamuuliza. "Hizi zikiongezwa huamka."

"Niongeze? Unamjua Bi Mwatima wewe? Gita likipanda juu ya mwimbaji, mpiga gita hushuka jukwaani."

Nikaanza na kitambaa. Niliondoa maua yale, kwa sababu yalikuwa yameziba matundu ya kutolea joto na kushuka mbele hadi nusu ya spika. Makame alikikunja kwa heshima. Bi Mwatima ndiye aliyekidarizi. Sauti ikapata uwazi kidogo. Uhai, hakuna. Nikapima valvu, zote nzima. Nikabadilisha kapasita moja iliyoanza kuvimba. Nikasafisha soketi za valvu, kutu ya chumvi ilikuwamo, lakini katika mji huu kutu ya chumvi imo hata katika sukari. Asubuhi yote likabaki mtu wa ofisini.

Makame alirudi baada ya Alasiri na kijaluba cha ubani.

"Limepata kijicho hili, Fundi."

"Nani akionee kijicho kisanduku kilichobanduka ngozi?"

"Hujui watu."

"Dua naiamini, Makame, na ubani sina ugomvi nao. Ila usiuchome karibu na kapasita. Keti, piga."

Alipiga. Na kama Mungu ni shahidi yangu, gita lililia. Utamu wote umerudi, pumzi ile, pua ile, kwa sauti ya chini ambayo isingemwamsha mtoto. Makame alifumba macho. Alimshukuru Mungu na ubani. Mimi nilimshukuru Mungu na kapasita. Tuliagana kwa furaha, kila mtu na imani yake ya pili.

Asubuhi iliyofuata alikuja kulichukua, akalijaribu kidogo, na mtu wa ofisini alikuwa amesharudi kazini.

Hapo nilikaa kitako. Mashine ile ile, meza ile ile, mpigaji yule yule. Kilichobadilika ni saa. Nikatia mita ukutani, kwenye soketi, jambo ambalo fundi hulifanya mwisho kwa sababu umeme wa ukutani tunauhesabu kama mvua, hautengenezwi. Asubuhi ile ulikuwa volti mia mbili na thelathini na ushei. Nikangoja. Baada ya Alasiri, watu wametoka makazini, majiko yamewashwa, nguo za Maghrib zinapigwa pasi mtaa mzima, mita ikaonyesha mia na tisini na kitu. Makame akapiga. Likalia.

Basi nikaelewa. Mashine ile ilitengenezwa kwa umeme wa mia mbili na arubaini. Kwetu, kila jioni, miaka yote, ilipewa pungufu. Valvu zilizokwisha kuchoka zilichoshwa zaidi, kuinama kukawa kuinama kweli, na kilalamiko kilichohitaji sauti kubwa huko kwao kikaja hapa kwa sauti ya chini, ile ambayo Bi Mwatima huiruhusu. Kumbe sauti ya Kiingereza tuliyoisifu nusu yake ilikuwa ya mtaa wetu.

"Makame, kule kwenye kikundi hili mnalichomeka wapi?"

"Kwenye stabilaiza."

Kwa asiyejua, ni kile kisanduku kinachopokea umeme unaopanda na kushuka, kikautoa sawasawa. Kila nyumba yenye friji hukitamani.

"Mnayo tangu lini?"

"Tangu Mfungo Sita, baada ya maulidi. Bi Mwatima aliileta kutoka Dar."

"Na sauti ilianza kukauka lini?"

Makame alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaishia njiani. Akakaa akitazama kitambaa cha maua kilichokuwa mapajani mwake.

"Subhanallah," akasema. "Nani atamwambia?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Stabilaiza ile haikuwa kifaa tu. Bi Mwatima aliipakata kwenye boti kama mtoto, akaikabidhi kikundi kwa hitima na kahawa, na Makame mwenyewe ndiye aliyesimama kutoa shukrani. Alinishauri njia yake: stabilaiza ibaki jukwaani, iwake taa yake, na waya wa mashine upite kwa nyuma uingie ukutani. Nikamwambia nimeishi muda mrefu bila kusema uongo kwa kutumia taa, sitaanza sasa. Nikaenda mwenyewe.

Bi Mwatima alikuwa kibarazani kwake anachambua mchele. Alinikaribisha, akanitazama.

"Fundi Ameir, mtu akinijia na uso kama huo, ama kafiwa ama anataka kuniharibia shughuli."

"Hakufa mtu, alhamdulillahi."

"Basi niharibie."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwa heshima zaidi. Nikasema stabilaiza yake ni nzuri mno, na hiyo ndiyo ila yake.

"Nilikipakata chuma kile toka Dar mpaka bandarini hapa Malindi," akasema. "Miguu ikafa ganzi. Watu wananambia, Bi Mwatima, weka chini. Nkawambia siweki. Leo waja kunambia kimeua gita?"

"Hakikuliua. Kimeliponya. Lilikuwa gonjwa, na ugonjwa wake ndio tuliokuwa tukiupenda."

Aliendelea kuchambua. Nilisubiri. Subira ni nusu ya ufundi, na nusu nyingine ni kujua wakati wa kunyamaza.

"Marehemu mume wangu alikuwa akikoroma," akasema mwishowe. "Nikahangaika, nkamtafutia dawa, akaacha. Basi nami nkawa silali." Akapuliza makapi. "Chukueni, muitoe. Nitaitia friji langu, friji halipigi gita. Lakini sikiliza, Fundi. Alhamisi baada ya Alasiri. Likilia kama zamani, Makame anakaa. Lisipolia, kinanda kipo. Sina ugomvi na mtu mie. Nna harusi."

Nilirudi nikiwa mwepesi. Hapa ndipo ninapowakumbusha vijana kwamba mwanadamu hupanga, na Mpangaji yupo. Siku ya Jumatano watu wa umeme walikuja mtaa ule wenye nyumba ya kikundi, wakabadilisha transfoma. Wakazi walikuwa wameiomba miaka. Watu walitoka milangoni, wengine walipiga vigelegele, na mapanga ya feni ambayo hayakuwahi kuzunguka vizuri yalianza kupeperusha kalenda ukutani. Umeme ukawa mia mbili na arubaini, asubuhi na jioni, imara kama nguzo. Mimi nilisema alhamdulillahi pamoja na wenzangu. Neema ni neema, hata ikifika siku isiyofaa.

Mtauliza kwa nini sikutumia transfoma ndogo ya kupunguzia umeme. Ya kwetu ilikuwa imekwisha kuliwa na chumvi, na nyingine niliiagiza Dar. Ilifika wiki moja baada ya harusi. Ndiyo ile iliyo chini ya meza yenu mnayowekea chai.

Alhamisi baada ya Alasiri nilipanda ngazi za nyumba ya kikundi na mita yangu. Makame alikuwa ameshakaa, kanzu mpya, gita mapajani. Kinanda cha umeme kilikuwa kimesimama kando, kimefunikwa kitambaa cha maua. Nikatia mita ukutani na nikatamani nisingeitia. Makame alipiga kidogo, kimya kimya. Mtu wa ofisini. Alinitazama, na mkono wake ukatua juu ya nyuzi ukabaki hapo, kama mtu anayetuliza mnyama kabla ya kumtoa nyumbani.

Katika chumba cha pili wanawake wa kikundi walikuwa wakipiga pasi sare za harusi. Mara balbu ya ukumbini ikapungua mwanga kidogo, kisha ikarudi.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Pasi," akasema Bi Mwatima. "Waya wa huku juu ni ule ule mwembamba, wapanda toka chini ukutani. Wabadilishe transfoma watakavyo, waya wetu ni wetu."

"Mna pasi moja?"

"Zipo nyingi, kila mtu kaja na yake. Twapiga moja moja. Si wewe mwenyewe uliyetukataza? Ulisema waya utapata moto."

Nilisema hivyo, na nilikuwa na haki. Nawaambia na ninyi: msifanye nilichofanya baada ya hapo. Nikaomba pasi zote zichomekwe kwenye ule waya mmoja, pamoja na mashine ya Makame. Bi Mwatima akaniangalia kama anayekisia umri wangu. Nikakaa chini kwenye sakafu, mkono wa kulia nimeuweka kwenye plagi ili nijue joto lake, wa kushoto mfukoni.

"Ikinichoma nitasema basi," nikawaambia. "Pigeni."

Pasi zikaingia moja baada ya moja. Balbu ikawa ya njano, halafu ya rangi ya chai. Mita ikashuka. Makame akagusa uzi mmoja, na uzi ule ukainama, ukapumua, ukainuka.

Fidla ikaanza, Bi Mwatima akasimama akaimba ubeti wa kwanza, na gita likamjibu. Akageuza shingo. Ubeti wa pili likamjibu tena, na katikati ya jibu, tak! Sauti ikakauka papo hapo.

"Nini tena?" akafoka Bi Mwatima.

"Pasi imeshiba moto, imejizima!" nikapaza sauti kutoka sakafuni. "Nyunyizeni maji nguo! Ipoe, iendelee kula umeme!"

"Jamani, hii sare ya hariri!"

"Ya hariri iweke, chukua ya pamba! Maji!"

Chumba kile kikawa na mvuke kama jikoni kwenye shughuli. Wanawake wakinyunyiza, pasi zikichemka juu ya nguo, mmoja akiwahimiza wenzake, "Shoga, yako imezima, yako imezima! Gita lakauka!" Na gita likawa linalia. Makame alipewa nafasi yake, ile ya kujibu peke yake kabla ya ubeti wa mwisho, na akaichukua polepole, kwa sauti ya chini, kila noti inasemea puani na kuzunguka chumba kabla ya kushuka. Plagi ilikuwa na joto la kikombe cha kahawa. Niliivumilia. Bi Mwatima alikuwa amefumba macho, na ubeti ulipofika hakuuingia, alimwachia Makame azunguke tena.

Mwanamke mmoja akatokeza kichwa mlangoni, jasho linamtiririka, sare mkononi.

"Bi Mwatima, nguo zimekwisha. Zote tumeshazipiga."

Bi Mwatima hakufumbua macho.

"Zikunjueni," akasema. "Zitieni maji muanze tena ya kwanza."